Nairobi hadi Mombasa: Dakika 45 angani, lakini safari ni ya saa ngapi?

Waulize watu watano umbali wa kutoka Nairobi hadi Mombasa, na usistaajabu wakikupa majibu matano. Dereva wa basi atakwambia ni kilomita 485 hivi. Mzee aliyestaafu kutoka shirika la reli atasema 530. Kijana anayesafiri kwa reli mpya ya SGR atakujibu 472. Mwanafunzi mwenye ramani na rula atapima na kupata karibu 440, naye rubani atawacheka wote na kutaja 422.

La ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo.

Mpenzi msomaji, swali la masafa baina ya miji hii miwili huulizwa kila likizo ya shule inapokaribia, kila Krismasi na kila Idi, na mara nyingi hufuatwa papo hapo na swali la pili: je, kwa ndege ni muda gani? Jibu la haraka ni dakika 45. Hata hivyo, yeyote aliyepata kuifunga safari hiyo anafahamu kwamba dakika 45 ni sehemu ndogo tu ya siku yake, na kuna wakati sehemu hizo nyingine ndizo zinazoamua kama umefika au umechelewa.

Tuanze na rula ya mwanafunzi, kwa maana hesabu yake haihitaji kikokotoo cha bei ghali. Katikati ya jiji la Nairobi ni takriban nyuzi 1.29 kusini mwa ikweta na nyuzi 36.82 mashariki. Kisiwa cha Mombasa kiko karibu nyuzi 4.04 kusini na 39.67 mashariki. Tofauti ya kwenda kusini basi ni nyuzi 2.75, na ya kwenda mashariki ni nyuzi 2.85. Huku kwetu karibu na ikweta, kila uzi mmoja ni kama kilomita 111, iwe unaelekea kusini au mashariki. (Wenzetu wa Ulaya hawana bahati hiyo, kwao nyuzi za mashariki na magharibi hubanana kadiri unavyoikaribia ncha ya dunia.) Ukizidisha utapata kilomita 305 kusini na kilomita 316 mashariki. Chora pembetatu, mkumbuke yule Mgiriki Pithagora aliyewasumbua wengi wetu katika kidato cha pili, na upande mrefu utakuwa kilomita 439. Ndio masafa ya kunguru.

Ndege lakini haipai kutoka barabara ya Kenyatta. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, kusini-mashariki mwa jiji, yaani tayari umeshasogea upande wa Mombasa. Nao uwanja wa Moi wa Mombasa hauko kisiwani bali bara, ng'ambo ya Makupa, upande wa Nairobi. Kwa hivyo viwanja viwili hivi vimekaribiana kuliko miji yenyewe, na rubani hubakiwa na kilomita 422. Zile kilomita zinazosalia hazikupotea. Utazilipa wewe, kwa teksi.

Barabara na reli ndizo zilizorefuka, na sababu ni ardhi. Reli ya zamani ilijengwa wakati ambapo kilima hakikupasuliwa kwa mashine ila kilizungukwa, na garimoshi la mvuke halikuweza kupanda mteremko mkali likiwa na mzigo. Wajenzi waliianza Mombasa mwaka wa 1896, wakafika mahali penye maji baridi palipoitwa Nairobi mnamo Mei 1899. Miaka mitatu kwa kilomita 530! Vibarua waliotolewa Bara Hindi kuja kuijenga reli hiyo hadi Ziwa Viktoria walikuwa zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walifariki. Wengine waliuawa na malaria, kuhara na ajali, na wale waliosemwa zaidi ni walioliwa na simba wawili wa Tsavo mwaka wa 1898, hadi walipopigwa risasi na J. H. Patterson Desemba ya mwaka huo. Ukitaka kuwaona simba hao leo usihangaike kwenda Tsavo. Wamewekwa katika jumba la makumbusho la Field, jijini Chicago, Marekani, jambo ambalo mwandishi huyu bado hajaona sababu ya kulifurahia.

Kabla ya reli kulikuwa na miguu. Misafara ya Wakamba na ya Wamijikenda iliyokuwa ikibeba pembe za ndovu hadi pwani ilipita katika nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa adimu kama mvua ya Januari. Msafara wenye mizigo ukitembea kilomita 20 kwa siku, na huo ni mwendo mzuri kwa mtu aliyejitwika, ungehitaji siku 22 hata kama ungenyooka kama mshale. Nao haukunyooka, maana ulifuata visima.

Sasa linganisha na mambo yalivyokwenda mbio baada ya hapo. Mwaka wa 1929 mwanamke mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways jijini Nairobi. Uwanja wa Wilson ulio kando ya barabara ya Lang'ata unabeba jina lake hadi leo. Ndege za mwanzo zilikuwa vyombo vidogo vya mbao na kitambaa, aina ya Gipsy Moth, ambazo mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 135 kwa saa. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa tatu angani, upepo ukikupiga usoni na miwani ikijaa vumbi. Shirika la Afrika Mashariki, East African Airways, lilipoanza kazi mwaka wa 1946 lilikuwa na ndege za mabawa mawili-mawili aina ya Dominie zilizoweza kufika kwa takriban saa mbili. Zikaja DC-3, saa moja na nusu hivi. Kisha Fokker Friendship, ambazo wazee wetu wengi waliopanda ndege mara ya kwanza katika miaka ya sitini na sabini wanazikumbuka kwa mabawa yake yaliyokaa juu ya madirisha, zikaukaribia muda wa saa moja. Shirika hilo lilivunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo.

Baada ya hapo muda haukupungua sana, na hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. Ndege ya Boeing 737 inaweza kwenda karibu kilomita 800 kwa saa. Ukigawa 422 kwa 800 unapata dakika 32. Mbona basi haifiki kwa dakika 32?

Kwa sababu safari ni fupi mno. Ndege ya abiria hufikia mwendo wake wa juu tu ikiwa imeshapanda, na kupanda kwenyewe ni kazi ya dakika 15 hivi. Kushuka nako kuna kanuni yake: kwa kila futi 1,000 anazotaka kushuka, rubani hujiwekea kama maili 3 za baharini. Akiwa futi 30,000 atahitaji maili 90, ambazo ni kilomita 165 hivi. Maana yake ni kwamba huanza kushuka kabla hata ya kuufikia mji wa Voi! Kati ya kupanda na kushuka, ndege hutulia usawa kwa dakika ambazo mara nyingi hazizidi 10. Wahudumu nao wana dakika hizo hizo kugawa maji na njugu na kuzoa vikombe. Watazame siku moja, utawahurumia.

Ndiyo sababu ndege yenye rafadha kama zile za Q400 zinazotumiwa na Jambojet, shirika lililoanza safari Aprili 2014, haiachwi mbali na ile ya jeti. Ingawa mwendo wake ni kama kilomita 650 kwa saa, katika safari fupi hivi tofauti huwa ya dakika chache tu, wala si ya kugombania.

Ratiba za mashirika huandika saa moja, au saa moja na dakika kadhaa. Hapo hawakudanganyi. Ratiba huhesabu kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na asubuhi ndege zikiwa kwenye foleni pale Embakasi unaweza kukaa kitini robo saa ukitazama nyasi. Uwanja wenyewe uko juu, mita 1,624 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hivyo ndege hukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka, hasa jua likiwa kali. Ule wa Mombasa uko mita 61 tu. Kwa hakika, abiria anayekwenda Mombasa anashuka zaidi kuliko alivyopanda.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kiti, ukienda Mombasa kaa upande wa kulia, na ukirudi kaa kushoto. Asubuhi isiyo na mawingu utauona Kilimanjaro na theluji yake, mita 5,895, ukiwa umesimama juu ya mawingu kama kisiwa. Kabla yake utaona vilima vya Chyulu, kijani kibichi baada ya mvua, na baada yake vilima vya Taita. Walioketi kushoto wasilie sana: wao wana uwanda wa Yatta, ule ukingo mrefu na ulionyooka uliofanywa na lava, unaosemekana kuwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani wa aina yake, na chini yake mto unaobadilika jina kutoka Athi hadi Galana. Kisha ni Tsavo, wekundu mtupu wa udongo, mbuga ambayo pande zake mbili, mashariki na magharibi, huchukua zaidi ya kilomita mraba 20,000. Halafu mara moja tu, kana kwamba mtu amefunua pazia, mikono ya bahari inaingia kati ya mikoko, winchi za bandari ya Kilindini zinaonekana, na tayari magurudumu yamegusa chini.

Waama, hiyo ni safari tamu. Lakini turudi kwenye saa.

Nina jirani mmoja pale Pangani, bibi wa miaka sitini na kidogo, mzaliwa wa Kuze katika mji wa kale wa Mombasa. Alfajiri moja, saa 11, alipigiwa simu kwamba kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba yao kufariki, ameaga dunia usiku. Wenzetu Waislamu hawakawizi maziko. Jamaa walikuwa wamekubaliana kwamba maiti ingesaliwa Adhuhuri na kuzikwa Kikowani. Wanawake hawafuati jeneza makaburini, kwa hivyo nafasi yake pekee ya kumwona kaka yake usoni ilikuwa nyumbani, kabla ya wanaume kumtoa. Adhuhuri ni saa 6 na nusu hivi. Alikuwa na saa saba na nusu mkononi na kilomita 439 mbele yake.

Mwanawe wa kiume alikuja kugonga kwetu na tukakaa kuhesabu, watu wazima watano kuizunguka meza kama watoto wa shule. Basi la saa 2 asubuhi lingefika alasiri imekwisha. Basi la usiku lilikuwa limeshaondoka. Garimoshi la asubuhi la SGR huondoka saa 2 na kuingia Miritini mnamo saa 8 mchana. Kama maziko yangekuwa baada ya Alasiri, angewahi kwa shilingi chache na kuhani kwa raha. Lakini yalikuwa Adhuhuri. Ilibaki ndege, na tiketi ya ndege inayonunuliwa saa 12 asubuhi kwa safari ya saa 3 na nusu si tiketi ile unayoisikia ikitangazwa redioni. Majirani walichanga kwa simu, huyu mia tano, yule elfu moja, na kabla ya saa 1 pesa zilikuwa zimetimia.

Aliondoka Pangani saa 1 kamili akiwa na mkoba wa mkononi tu. Magari yalikuwa yameshaanza kusongamana, na ilimchukua saa moja na dakika 10 kufika Embakasi. Hapo kulikuwa na ukaguzi wa kwanza, foleni, kadi ya kupandia, ukaguzi wa pili, tena foleni. Ndege iliyokuwa iondoke saa 3 na nusu iliinuka saa 4 kasoro dakika 10, na saa 4 na dakika 35 ilikuwa Mombasa. Kwa vile hakuwa na mzigo wa kungojea, alitoka nje saa 5 kasoro dakika 10. Kutoka uwanjani hadi Kuze si mbali, lakini Changamwe ilikuwa imejaa malori, na teksi ikasimama, ikatambaa, ikasimama. Mwanawe anasema alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika tano, na kila mara mama alijibu neno moja: "Makupa." Halafu tena: "Makupa."

Aliingia Kuze saa 6 kasoro dakika 20. Kaka yake alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na walikuwa wamemwachia uso wazi wakimngoja.

Nimepiga hesabu ya safari hiyo mara nyingi tangu siku ile. Kutoka mlango hadi mlango ilikuwa saa 4 na dakika 40. Angani alikuwa kwa dakika 45. Kwa maneno mengine, kwa kila dakika moja aliyokuwa hewani, alitumia zaidi ya dakika tano nyingine akiwa ardhini, ndani ya magari na foleni. Kama ingekuwa siku ya mvua kubwa jijini, au lori limepinduka Changamwe, ndege hiyo hiyo ingewasili wakati ule ule na yeye angekuta jeneza limeshatoka.

Ndiyo maana familia inayopanga likizo isilinganishe dakika 45 na saa 8 za basi. Hayo si mambo ya kupimwa kwa ratili moja. Chukua familia inayokaa Umoja na kwenda kwa shangazi Likoni. Kwa ndege watahitaji saa moja ya kufika uwanjani, saa moja na nusu ya kungoja na kukaguliwa, saa moja ya ratiba, nusu saa ya mizigo, kisha safari ya kuvuka kisiwa na kupanga foleni ya feri. Saa 5 hivi zimekwisha, wakati mwingine 6. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika mwaka wa 2024, wanaokwenda pwani ya kusini wanaweza kupita huko bila kuikaribia feri, na hilo limepunguza kero kweli kweli. Wenye kwenda Diani nao wanaweza kupaa moja kwa moja hadi uwanja mdogo wa Ukunda.

Garimoshi la SGR, lililozinduliwa Mei 31, 2017, huchukua saa 5 likiwa la moja kwa moja na kama saa 6 likiwa linasimama katika stesheni za njiani. Mwendo wake haupiti kilomita 120 kwa saa. Tatizo ni kwamba linaanzia Syokimau na kuishia Miritini, yaani nje ya jiji huku na nje ya jiji kule, kwa hivyo ongeza saa moja na nusu hadi mbili za teksi na matatu. Kutoka mlango hadi mlango ni saa 7 au 8. Ndege basi imeishinda reli kwa saa mbili tatu tu, si kwa saa tano kama ratiba zinavyotaka uamini! Nauli ilipandishwa Januari 2024 hadi shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Watu wazima watano kwa daraja la kawaida ni shilingi 7,500. Tiketi moja tu ya ndege ya dharura huweza kuzimeza zote hizo na bado isishibe.

Garimoshi la zamani, lile la usiku lililokuwa likiondoka Nairobi saa 1 jioni na kufika asubuhi kama Mungu akipenda, liliacha kubeba abiria mwaka wa 2017. Lilikuwa na vitanda, vitambaa vyeupe mezani na supu iliyomwagika kila kona. Liliweza kuchukua saa 13 au zaidi, na sijapata kukutana na mtu aliyelipanda utotoni ambaye halilii.

Kuhusu basi, sheria inaliwekea kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Gawanya 485 kwa 80 na utapata saa 6 na dakika chache, bila kusimama popote, bila lori lililo mbele, bila abiria wa Emali. Basi linalokuahidi saa 6 linakuahidi kuvunja sheria. Saa 8 au 9 ndizo za haki. Lakini basi ndilo pekee linalokuonyesha nchi: Sultan Hamud, Makindu na hekalu la Masingasinga la tangu 1926 ambapo msafiri wa dini yoyote hulishwa bure, Mtito Andei ambayo ni takriban nusu ya njia na ambapo kila mtu hushuka kunyoosha miguu, Voi, Maungu, Mackinnon Road na msikiti wake kando ya reli, Mariakani. Minazi ya kwanza inapotokea baada ya hapo, watoto hupiga kelele basi zima. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilipoikata barabara hii, malori na mabasi yalikwama kwa siku kadhaa, na ndipo wengi walipojua jinsi miji hii miwili ilivyofungwa pamoja kwa uzi mwembamba.

Wazazi wanaosafiri na watoto kwa ndege wazingatie jambo moja dogo. Masikio huziba wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, na katika safari hii kushuka huanza mapema, kabla ya Voi kama tulivyosema. Mtoto mchanga anyonyeshwe au apewe chupa wakati huo ili ameze mate, na mkubwa apewe peremende. Usingoje mpaka uone bahari, maana ukiiona umeshachelewa na mtoto ameshaanza kulia. Wanaotoka Nairobi na sweta zao wazivue kabla mlango haujafunguliwa.

Kuna tofauti nyingine baina ya miji hii ambayo haimo katika ratiba yoyote. Saa zetu za ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua halizifuati. Kila uzi mmoja wa mashariki ni dakika 4 za jua, na Mombasa imeitangulia Nairobi kwa karibu nyuzi tatu. Kwa hivyo jua la Mombasa huchomoza na kutua mapema kwa wastani wa dakika 11; kwa kutua, huzidi kidogo mwezi wa Juni na kupungua mwezi wa Desemba, na kwa kuchomoza huwa kinyume chake. Wakati wa Ramadhani, watu wa Majengo ya Mombasa huwa wameshafuturu kwa tende na uji wakati wenzao wa Majengo ya Nairobi wangali wanaitazama saa. Na yule aliyefunga akiwa ndani ya ndege ya jioni, juu kabisa ya Tsavo, ana lake peke yake: kwa sababu yuko juu, yeye bado analiona jua dirishani, jekundu na zima, ilhali chini kule Voi giza limeshaingia na watu wanakula. Huishika tende yake mkononi akingoja lizame.